Lebo kwa Penseli

Kwa penseli, aliniambia Bwana Shekalaghe,
wino hulewa spiriti, hufuta jina
na tarehe na mahali, nawe ukabaki na kombe bubu.
Kwa hiyo naandika kwa penseli, herufi nyembamba:
Kiomoni, nyuma ya tanuri la chokaa,
majani makavu, kivuli, asubuhi baada ya mvua.

Nachekecha udongo kwa chekeche la unga wa muhogo
(la kwanza lilitoboka; hili la pili binti yangu hajui liko wapi).
Kinachobaki namwaga kwenye sahani nyeupe:
vijiti, mbegu, mbawa za kumbikumbi, mavi ya popo,
na katikati yake, wakubali wakatae, watu wangu.
Huyu sawa na punje ya mtama.
Huyu kama uwele.
Huyu nilimpuliza kwa bahati mbaya, nikamtafuta sakafuni kwa magoti
hadi adhana ya adhuhuri.

Watu husema konokono, basi, wamemaliza.
Kama kusema mkonge, basi.
Mimi nilisimama korona miaka kumi na tisa
nikipanga singa kwa urefu, kwa weupe, kwa mng'aro;
kidole gumba kilijua daraja kabla jicho halijafika.
Jina moja ni uvivu wa asiyeshika.

Mshike kwa koleo, ncha juu, mlango ukutazame.
Mlango ukiwa kulia, yuko na wengi.
Ukiwa kushoto, usishangilie:
huenda umemshika kichwa chini.
Hesabu mizunguko kuanzia kileleni. Mitano. Sita na nusu.
Nusu nayo ina haki yake.
Kisha mdomo. Humo ndani, chini ya lenzi,
wamo wenye meno: moja juu, mawili ubavuni,
kama dirisha la duka lililotiwa nondo.
Hao hula wenzao. Milimita nne tu,
na majani makavu yote yanawaogopa.

Jana nikampata mmoja asiye na jibu.
Mizunguko mitatu, rangi ya ukucha. Meno hana.
Kitovu wazi. Nikapekua michoro yote niliyoachiwa,
nikamwita mgeni, nikaanza hata kumtungia jina,
la mama yangu, Mwanamvua,
na mkia wa Kilatini nitakaoazima kwa wenye nao.

Halafu nikautazama ukingo wa mdomo.
Mwembamba, mkali, haujakunjwa nje.
Aliyekomaa hukunja mdomo, akaunenepesha kwa chokaa,
kama fundi apigaye lipu ya mwisho akaomba chake.
Huyu hakupiga lipu. Alikuwa bado anajenga.
Angeweza kuwa yeyote,
hata kichanga cha lile koa kubwa
linalomaliza mchicha wa Mama Nadhiri.

Nikakumbuka dirisha la mbao, foleni, vumbi jeupe la korona.
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na viatu vya kaka.
Karani hakuinua uso.
Hakunigeuza mwangani, hakuhesabu chochote.
Akaandika, tena kwa wino: mtu mzima.

Kichupa kilikuwa wazi, spiriti ikinichoma pua.
Nikakifunga.
Kwenye lebo nikaandika: hajakomaa, hajulik—
penseli ikakatika, nikaichonga kwa kisu cha vitunguu,
nikamalizia.

Nikamrudisha nyuma ya tanuri, chini ya jiwe lake,
upande wa chini ungali na unyevu.
Nilichuchumaa pale kitambo. Hakutoa pembe.
Magoti yangu ndiyo yaliyolia.

Jumatano Bwana Shekalaghe atakuja na daftari.
Atahesabu vichupa, kumi na kimoja.
Atahesabu lebo, kumi na mbili.
Atahesabu tena.